Mkanda wa Mnarani Juu ya Paa la Darasa

Mada kwa mafundi wa kuezeka na wasimamizi wa miradi wa Musoma, Bunda na Butiama



Fundi anayepanda mnara wa simu mlimani ana makumi ya mita za hewa chini yake. Anayeezeka darasa Butiama ana mita 3 hivi akiwa kwenye ukingo wa paa, labda 5 akifika kwenye kofia. Dukani wanauziwa mkanda wa usalama ule ule. Mimi nasema mkanda huo, ukifungwa kwa mtindo wa mnarani, hautamwokoa huyu wa darasani, na kwetu wa aina yake ndio wengi.

Tupige hesabu. Kamba inayotoka mgongoni ina mita 2. Imeshonewa kipakiti, kifyonza mshtuko, ambacho ndani yake mna utepe uliokunjwa na kushonwa. Mtu akianguka nyuzi zinafumuka taratibu na kupunguza kishindo. Viwango vya Ulaya vinakiruhusu kifumuke hadi mita 1.75. Kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo ni mita 1.5, na tunaacha 1 ya tahadhari. Jumla ni mita 6.25 kutoka pale ulipofunga kamba. Aliyefunga kwenye kenchi usawa wa miguu yake atafika kwenye kifusi kabla utepe haujamaliza kufumuka. Amevaa mkanda, amefunga kamba, na mguu umevunjika vile vile.

Kwa hiyo kwenye mapaa mafupi tusisubiri kudakwa. Tufunge kamba fupi inayokuzuia kuufikia ukingo: ukinyoosha mkono unagusa ubao wa mwisho, lakini mwili haupiti. Kila unapohamia upande wa pili wa paa, urefu unapimwa upya. Njia hii ina upungufu wake: kabla bati halijalazwa, kamba haimzuii mtu kutumbukia katikati ya kenchi. Hapo dawa ni jukwaa ndani ya chumba, mirunda imara na mbao zilizopigiliwa, wala si mkanda.

Sasa tufunge wapi? Papi ya mbili kwa mbili imeshikwa na misumari miwili. Ikivutwa na mwili unaoanguka inang'oka. Zungushia mkanda wa kufungia kwenye nguzo ya zege, au pitisha kamba juu ya paa uifunge upande wa pili. Wenzangu wa Musoma hatuna kisingizio, maana mawe makubwa tunayo kila uwanja, na jiwe la ukubwa wa nyumba haliendi popote. Mahali kamba inapopinda juu ya bati pakunjiwe gunia, kwani ncha ya bati hukata kamba kama kisu. Na anayefunga kwenye gari, funguo akae nazo mfukoni mwake. Dereva akikumbuka kuwa ana safari ya Bunda hatatazama juu kwanza.

Kuvaa kunaanzia kwenye pete ya mgongoni. Ishike, tikisa mkanda mpaka mikono na miguu yake ijitenge, kisha upitishe uzi kwa uzi vidoleni ukitafuta mchubuko, alama ya moto wa kuchomelea, au mshono uliofumuka. Rangi iliyopauka sana ni dalili kwamba jua limekula nyuzi. Saruji mbichi nayo inadhuru nyuzi za poliesta, kwa hiyo mkanda usilale kwenye zege. Ndoano ifunge yenyewe kwa kishindo; ikihitaji kusukumwa kwa kidole, itupwe. Vaa kama koti, funga mapaja, kisha kifua. Kiganja kilichonyooka kipite kati ya paja na mkanda, ngumi isipite. Wengi huulegeza mapajani kwa sababu ya joto, na hapo ndipo mwili huchomoka. Pete ikae katikati ya mabega. Ikishuka kiunoni, mtu atadakwa akiwa amekunjika. Ule mkanda wa kiuno pekee, ambao wazee wetu wa umeme waliutumia, Marekani iliupiga marufuku kudakia mtu anayeanguka tangu Januari 1998, kwa majeraha unayoyasababisha tumboni na mgongoni.

Kuhusu gharama nitasema kwa kifupi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Vyumba 15,000 vya madarasa vya fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 vilitengewa milioni 20 kila kimoja. Vyumba vya namna hii hujengwa kwa fosi akaunti: kamati, fundi wa kijijini na vibarua wake. Kamati ikikaa kuandika makisio, mkanda uandikwe mstari wake kama misumari.

Mtu akibaki ananing'inia, mapaja yakibanwa, damu hukwama miguuni na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Namba ya Zimamoto ni 114, ipigwe, lakini gari lenyewe lina safari. Ngazi ndefu iwe imelazwa pale pale, na kabla ya kupanda ajulikane nani ataishika na nani atapanda kumshusha.

Baada ya chai tutavaa kwa zamu. Kila mmoja amkague mwenzake mgongoni, kwa sababu pete ile mvaaji haioni.