Kutetea Upinzani Ngomani

Ndugu Makamu Mkuu wa Chuo, wanataaluma wenzangu, nanyi wasanii mliojibana nyuma ilhali viti vya mbele vi wazi:

Katika semina moja ya watu wa utamaduni, msomi ninayemheshimu alisema kwamba kazi ya sanaa ya jamii ni kuunganisha watu, na kwamba mashindano ya ngoma ni fitina tuliyorithi, yafaa tuizike. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga, na leo nimepata saa nzima ya kueleza kwa nini.

Habari za Wizara ya Utamaduni ya mwaka 1962, za kundi la ngoma la taifa na za Chuo cha Sanaa Bagamoyo mnazijua, nazipita. Swali langu ni dogo: kikundi cha mtaani, kisicho na jengo wala mshahara, kinaishi kwa nini?

Kwa mshikamano, anasema mwenzangu. Haya, tusome. Kitabu cha Terence Ranger kuhusu beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, cha mwaka 1975, nimekifungua mara nyingi hata jalada limeshaagana na kurasa. Ranger, aliyefundisha historia Dar es Salaam miaka ya 1960, anaifuata beni kuanzia pwani ya Kenya miaka ya 1890 hadi bara, ikibebwa na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa mtazamo wa haraka ni kichekesho: watu wazima wamevaa sare, wana matarumbeta, wana wafalme na majenerali wao. Lakini tazameni mpangilio. Upande wa Marini huku, wa Arinoti kule, na mji hata mji ukakuta pande zile zile. Mgeni aliyeshuka mahali asipo na ndugu alikuwa na upande. Upande ukampokea, akiugua ukamwuguza, akifa ukamzika. Maafisa wa Kiingereza, walipojua kwamba matawi yanaandikiana barua, waliingiwa na hofu ya njama. Hawakuelewa kwamba mtu anaweza kujipanga namna ile kwa ajili tu ya kumtia mwenzake aibu kwa karamu na gwaride.

Sasa nani angetoa senti yake ngumu kuchangia “ushirikishwaji wa jamii”? Watu walitoa kwa sababu wale wa upande wa pili wametoa.

Ataniambia hayo ni ya kale. Basi aende Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, wakati wa Bulabo, sherehe ya Wasukuma ambayo Padri David Clement, Mkanada, aliiambatanisha na sikukuu ya Ekaristi. Wagika na Wagalu, wafuasi wa mahasimu wawili wa ngoma wa karne ya 19, Ngika na Gumha, wanacheza saa ile ile, uwanja ule ule. Umati ndio unaoamua: watazamaji wanahama, na upande uliovuta wengi umeshinda. Mimi nilisimama kwa wacheza bugobogobo, ngoma ya majembe. Mpigaji hakututazama sisi kabisa. Macho yake yalipita juu ya vichwa vyetu, yakipima migongo ya watu ng'ambo. Mara wale wenzao wakatoa chatu. Watoto wakachomoka, mama zao nyuma yao. Ningi, ndiye kiongozi wa ngoma, hakukata wimbo: alirusha jembe juu, akalidaka kwa mpini, akalirusha tena juu zaidi, na nusu ya umati ikarudi mbio. Semina ipi ya kujenga uwezo inafundisha hilo?

Madhara yapo, siyafichi. Kuna tuhuma za kurogana, kuna madeni, na kwenye mipasho, zile nyimbo za kusutana, ya vikundi vya TOT na Muungano miaka ya 1990 nasi wapenzi wa taarab tulifurahia kuliko ilivyostahili. Nimeyapima yote. Lakini pia niliwahi kuona mradi wa wafadhili ukiunganisha vikundi viwili hasimu katika mji mmoja ambao sitautaja. Walipewa fulana za rangi moja na wimbo wa vyandarua, wakaimba vizuri muda wote wa posho. Posho ilipokatika, hapakuwa na kikundi cha kurudia, maana kila mmoja alikwishapoteza mtu wa kumfanyia mazoezi usiku. Mfano mmoja si ushahidi, najua. Hata hivyo nawakumbusha Tanga, iliyokuwa na bendi za taarab za Black Star na Lucky Star kwa pamoja, na namsubiri mwenzangu anionyeshe mji uliopata taarab ya namna ile kwa bendi moja yenye amani.

Maafisa utamaduni mliopo hapa, ombi langu ni jepesi. Tamasha lijalo la wilaya, vikundi viwili vipewe uwanja mmoja na saa moja, fomu za majaji zibaki ofisini, na kamba ya kuwatenga watazamaji ifunguliwe ili waweze kuhama.