Neno la Mwanamke Kanisani

Jambo tutakalolisema leo si geni kwa mtu yeyote aingiaye kanisani siku ya Jumapili, iwe ni hapa kwetu Utemini katika mji wa Singida, au huko Iramba, au Ikungi, au Manyoni. Tazameni mabenchi. Mahali ambapo wanawake na wanaume wangali wakiketi mbalimbali, upande wa wanawake umejaa hata wengine wamesimama mlangoni na watoto mgongoni, na upande wa pili pana nafasi ya kutosha kutandika mkeka. Waliofagia sakafu jana yake ni wanawake. Waliochota maji ya kunyunyizia vumbi ni wanawake. Ibada ikiisha, sadaka za mazao hupigwa mnada nje ya mlango: kuku, debe la mtama, mayai ndani ya kikapu, chupa ya mafuta ya alizeti. Ukiuliza vimetoka kwa nani, utaambiwa vimetoka kwa mama fulani, na mara nyingi anayevinunua ni mama mwingine.

Hatusemi hivi kwa kujisifu. Twataka kuuliza swali moja tu, nalo ni hili: huyu afanyaye kazi nyingi namna hii katika nyumba ya Mungu, neno lake husikiwa wapi?

Siku hizi, katika makanisa mengi, wanawake wamo katika baraza la wazee wa usharika, nasi twashukuru. Walakini kuwamo ni jambo moja, na kusikiwa ni jambo jingine. Mara nyingi mama aliye mzee wa kanisa huulizwa habari za chakula cha wageni, na akijibu vizuri husifiwa. Ikifika zamu ya kunena juu ya fedha, au mpaka wa kiwanja, au mtumishi mwenye mwenendo mbaya, kikombe cha chai huwekwa mbele yake na maneno hupita juu ya kichwa chake.

Wanaoitetea desturi hii wana andiko lao, wala hawakulitunga wenyewe, limo. Ni katika waraka wa kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorintho, sura ya 14, anapowaagiza wanawake wanyamaze katika makutano. Haifai tulipite andiko hilo kama mtu apitaye makaburini usiku, mbio mbio bila kutazama. Lakini msomaji akirudi nyuma sura tatu tu, atamkuta Paulo yule yule akieleza jinsi mwanamke atakavyofunika kichwa chake wakati anaposali au kutoa unabii mbele ya watu. Sasa, nani huchagua vazi la kazi aliyoikataza? Wako wataalamu wasemao kwamba katazo lile liliwahusu wanawake waliokuwa wakiikatiza ibada kwa maswali, na wako wasemao vingine. Sisi ni walimu wa shule tu. Twaona kwamba sura hizi mbili yatupasa kuzisoma pamoja, wala si kuishika moja na kuifunika ya pili.

Tena fungueni Waraka kwa Warumi, sura ya 16. Wa kwanza kutajwa ni Fibi wa kanisa la Kenkrea, na neno la Kiyunani alilopewa ni lile lile ambalo kwa wanaume hufasiriwa kuwa shemasi. Mbele kidogo yuko Yunia. Yohana Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, alimsifu Yunia kuwa ni mwanamke aliyestahili kuhesabiwa pamoja na mitume. Karne nyingi baadaye wako watu wa Ulaya waliomgeuza kuwa mwanamume, wakamwita Yunias, maana hawakuweza kuamini kwamba mwanamke angepewa sifa kubwa kama ile.

Na hapo lugha yetu ya Kiswahili ina heshima yake. Ukisema ‘yeye’ hujasema bado kama ni mume au mke. Mwalimu ni mwalimu, mzee ni mzee, nabii ni nabii. Neno ‘mchungaji’ nalo lilitoka malishoni kabla ya kufika madhabahuni. Na huku kwetu, msichana akiwapeleka mbuzi na ndama wa baba yake malishoni, hapana aulizaye kama mbuzi wamekubali. Na wale wasemao kwamba mila za Kinyaturu hazikumjua mwanamke msemaji, waende uwanja wa mpira wa Singida wasome jina lake. Zamani uliitwa Namfua. Sasa unaitwa Liti, kwa jina la mwanamke aliyewaongoza watu wake dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Wazee wetu walimfuata vitani, wala hawakumwambia arudi jikoni kwanza.

Lakini yote hayo ni mabishano ya vitabu na historia, na mtu aweza kuyasikiliza akaenda zake. Tuseme sasa juu ya hasara inayotupata kwa sababu ya ukimya huo. Wazazi wenye watoto wadogo karibu nao watajua wenyewe la kufanya. Kwa maoni yetu wanafunzi wa madarasa ya juu wasikilize.

Katika mkoa wetu iko desturi ya kuwakeketa wasichana. Hapo kale ilifanywa msichana akiwa amekua, kwa ngoma na karamu, na kila mtu alijua. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria inayokataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili. Je, kisu kilitupwa? Mahali pengi hakikutupwa, kilifichwa. Kikahamia kwa watoto wachanga, ambao hawawezi kusema wala kushtaki, na ngoma ikanyamaza. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba katika nchi nzima wanawake 10 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Katika Mkoa wa Singida walikuwa 31 katika kila 100. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliona hesabu ya nchi nzima imeshuka kufika 8. Inashuka, ndiyo, lakini hakuna awezaye kusema kwamba wote hao walilelewa mbali na sauti ya kengele ya kanisa.

Nanyi mwajua jina linalotumiwa kukifunika kisu hicho: lawalawa. Jina hili lilienea Singida katika miaka ya 1970. Mtoto wa kike akiwashwa, akilia wakati wa kukojoa, akitoka vipele au majimaji, bibi husema, ‘Huyu ana lawalawa, na dawa yake ni moja.’ Ndugu zetu, ugonjwa huo si laana ya mizimu. Ni maambukizo ya kawaida ya njia ya mkojo na sehemu za siri, yapatikanayo kwa urahisi mahali penye shida ya maji na usafi, na dawa zake zipo zahanati. Kukata hakuponyi maambukizo. Huongeza kidonda juu ya ugonjwa, na damu, na pengine mauti, na kovu litakaloleta shida siku ya kuzaa.

Sasa tafakarini. Ni nani katika usharika ajuaye kwamba jambo hili limetendeka katika nyumba fulani juma lililopita? Mchungaji hajui. Wazee wa kiume hawajui, na wakijua husema kwamba ni mambo ya wanawake, haifai mwanamume mwenye heshima kuyatamka. Baba mwenye mtoto mara nyingine hajui! Wajuao ni wanawake: bibi, mama, shangazi, jirani aliyeitwa kumshika mtoto miguu. Hao hao ndio waimbao katika kwaya na kufagia madhabahu. Basi wenye mimbari hawana habari, na wenye habari hawana mimbari. Mtoto yuko katikati yao.

Hatutaki mtu atuambie kwamba wanawake hawana hatia katika hili, kwa maana kisu kimo mikononi mwao. Ndiyo sababu twasema neno lazima litoke kwao. Mwanamume akihubiri juu ya lawalawa, mabibi watainamisha vichwa na kucheka ndani ya kanga, na watasema njiani kwamba hajui anachokisema. Akisimama bibi mwenzao aliyezaa watoto saba na kuwazalisha wengine wengi, akasema, ‘Nimeona kwa macho yangu,’ hapana wa kucheka.

Wengine watajibu kwamba taratibu za kanisa zimewekwa na haziguswi. Na wafikirie habari ya Makiungu, upande wa Ikungi, mahali walipozaliwa watu wengi wa mkoa huu, Wakristo na Waislamu. Zamani Kanisa la Roma liliwazuia watawa wa kike kufanya kazi ya ukunga. Ilionekana kwamba haipatani na nadhiri zao. Mwanamke mmoja wa Ayalandi, Mary Martin, aliyekuwa amewauguza askari katika Vita Kuu ya Kwanza, alitaka kuanzisha shirika la masista watakaowahudumia wanawake wanaojifungua, naye alingojeshwa miaka mingi. Mwaka 1936 Roma ikaondoa lile katazo. Mwaka 1937 shirika lake likazaliwa huko Nigeria, na katika miaka ya 1950 masista wa shirika hilo wakafika huku kwetu na kuanza kazi ya hospitali ya Makiungu. Msikilizaji, kama Roma ingalisema kwamba taratibu haziguswi, mama zetu wangalikwenda wapi? Kilichobadilisha utaratibu si fitina wala kiburi cha wanawake. Ni kwamba akina mama walikuwa wakifa.

Juu ya daraja ya uchungaji tutasema kwa kifupi, maana kila kanisa lina njia yake, na hatukuja kumtoa mtu katika utii wake. Kanisa la Roma haliwawekei wanawake mikono, na Papa Yohana Paulo wa Pili alilithibitisha neno hilo kwa waraka wa mwaka 1994. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganika makanisa 7, lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, ingawa dayosisi zote hazikuanza siku moja. Kabla ya hapo wako waliosoma theolojia sawa na kaka zao, wakarudi nyumbani bila kuwekewa mikono. Uganda, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi aliwawekea mikono wanawake 3 mwaka 1983. Na Kenya, mwaka 2021, Rose Okeno aliwekwa kuwa askofu wa Dayosisi ya Butere ya Kanisa Anglikana. Mwanafunzi mmoja wa kike aliposikia habari hiyo darasani alituuliza kama askofu huyo ana mume, na kama anapika. Wavulana walicheka. Tulimjibu kwamba hatukusoma popote habari za wapishi wa maaskofu wanaume.

Hata hivyo hatudhani kwamba joho peke yake litatosha. Usharika waweza kuwa na mchungaji mwanamke, na baraza lake likabaki lile lile, na kikombe cha chai kikabaki pale pale. Kwetu sisi lililo jepesi zaidi, na la haraka zaidi, ni hili: katika kila mkutano wa usharika, wanawake wapewe saa yao ya kusema, si habari za chakula, bali habari za watoto na nyumba, na waliyosema yaandikwe katika kitabu cha baraza kwa wino ule ule unaoandika hesabu za fedha. Tena katika darasa la kipaimara, awepo mama mwenye elimu ya afya, azungumze na wasichana, na wavulana pia, kwa kuwa hao ndio baba wa kesho watakaoulizwa na mama zao, ‘Tumfanyeje mtoto?’

Katika usharika mmoja tunaoujua, ambao si mbali na hapa, wanawake waliomba saa moja. Walipewa robo saa, baada ya matangazo, watu wakiwa tayari wamechukua kofia zao. Alisimama mkunga mstaafu, mwembamba, sauti yake ndogo. Hakuhubiri. Alieleza lawalawa ni nini, dawa yake ni ipi, na watoto wangapi aliwaona wakitokwa damu katika miaka yake ya kazi, kisha akaketi. Kanisa lilikuwa kimya. Ndipo mzee mmoja wa nyuma, ambaye watu walidhani ameinuka ili kukemea, akauliza zahanati hufunguliwa saa ngapi siku ya Jumatatu, kwa kuwa anaye mjukuu nyumbani, na bibi yake amekwisha kupanga safari.