Harambee Isiishie Uwanja wa Ndege

Hotuba kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili



Sisi tunaozungumza nanyi leo ni kikundi cha Wakenya na Watanzania tunaoishi Toronto na miji inayoizunguka, katika jimbo la Ontario, nchini Kanada. Siku za Jumamosi tunakutana na ndugu waliofika karibuni. Tunasoma nao barua za serikali, tunaandika nao maombi ya kazi, na wale waliofika mwezi wa Januari na sweta moja tunawatafutia koti. Mmetuomba tueleze kwa nini kijana aliyeondoka hapa na digrii yake na baraka za parokia nzima huchukua miezi sita, minane, hata mwaka kabla ya kupata kazi ya maana. Na kwa nini, muda huo wote, hapokei simu zenu.

Tuanze na hizo simu, maana ndizo zinazowaumiza wengi waliopo hapa. Mtoto hajawasahau. Anaona jina la mama kwenye simu na anajua swali litakalofuata. Jumapili iliyopita alimwambia kwamba mambo yanaenda vizuri, na wiki hii hana la kuongeza. Nyumbani kuna ada ya mdogo wake. Kuna shamba lililouzwa au kuwekwa rehani. Kuna daftari la harambee lenye majina ya watu waliochanga shilingi mia mbili mbili, na baadhi yao hawana hata bati zima juu ya nyumba. Mtu mwenye deni la namna hiyo ataona ni afadhali anyamaze kuliko kusema kwamba jana alisimama saa nne kwenye baridi akisubiri gari la vibarua, na gari likajaa kabla ya kumfikia.

Kwa hiyo tunaomba jambo la kwanza liwe hili: mwaka wa kwanza usihesabiwe kuwa mwaka wa kutuma pesa.

Hesabu yenyewe mnaweza kuifanya hapa hapa. Kima cha chini cha mshahara Ontario, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, ni dola 17.60 za Kanada kwa saa. Mtu akipata saa 40 kwa wiki, ambalo ni jambo la bahati kwa mgeni, wiki nne zitampa dola 2,816 kabla ya kodi na makato mengine. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala mjini Toronto hupangishwa kwa zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi. Ndiyo maana wengi hukaa watu watatu au wanne katika vyumba vya chini ya nyumba za watu, ambamo dirisha liko usawa wa majani ya nje. Tunawasikia watu hapa wakizidisha dola kwa shilingi na kushangaa. Tunawaomba mzidishe na kodi ya nyumba pia.

Sasa tuseme juu ya kazi yenyewe. Wengi wanaokwenda kwa njia ya wahamiaji wenye ujuzi hupitia mfumo wa maombi ulioanza Januari 2015. Mwombaji huhesabiwa alama kwa umri, elimu, lugha na kazi alizofanya. Hufanya mtihani wa Kiingereza au Kifaransa, vyeti vyake hulinganishwa na vya Kanada, na kama hana ajira inayomngojea huonyesha akiba ya fedha, ambayo kwa mtu mmoja sasa ni zaidi ya dola 14,000. Akishapita huko kote anaamini, na ni haki yake kuamini, kwamba nchi imempima na kumkubali. Kumbe aliyempima ni serikali. Mwajiri hajampima bado, naye ana kipimo chake.

Kipimo hicho kwa miaka mingi kimeitwa uzoefu wa Kanada. Tunaye ndugu mmoja, mhasibu, aliyefanya kazi miaka 11 Mombasa katika kampuni ya kupakua mizigo. Alituma maombi zaidi ya mia moja. Alijibiwa machache, na katika usaili wa kwanza aliulizwa ni wapi hapo Kanada amewahi kufanya kazi. Akasema bado. Wakamshukuru kwa upole sana, kama ilivyo desturi ya kule, na hakusikia tena habari zao. Atapataje uzoefu wa mahali ambapo kila mlango unadai uzoefu huo kwanza? Mzee mmoja wa kikundi chetu husema ni kama kumwambia mtu asiingie mtoni mpaka ajue kuogelea.

Ni lazima tuseme pia kwamba jambo hili limepingwa, na limepingwa na Wakanada wenyewe. Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitoa mwongozo ikisema kwamba sharti la uzoefu wa Kanada, kwa jinsi linavyotumika, ni ubaguzi, isipokuwa mwajiri athibitishe kuwa kazi yenyewe inalidai. Na tangu tarehe 1 Januari 2026 waajiri wa jimbo hilo wenye wafanyakazi 25 au zaidi hawaruhusiwi kuandika sharti hilo katika matangazo ya kazi. Tumefurahi. Lakini sheria inazuia kilichoandikwa kwenye tangazo. Yaliyomo moyoni mwa anayesoma maombi haiyafikii. Aidha, nyakati zenyewe zimekaza. Serikali ya Kanada ilianza kupunguza idadi ya wageni mwaka 2024, na kwa sehemu kubwa ya mwaka 2025 watu wasio na kazi walikaribia asilimia 7 ya nguvukazi. Mgeni anapanga foleni moja na wenyeji waliopoteza kazi zao.

Tumekaa na watu wengi sana mezani, tukisoma barua za kukataliwa, na tumefikia maoni yetu. Mgeni huyu hakosi ujuzi. Anachokosa ni mtu wa kusema, "Namfahamu." Kazi nyingi kule hupatikana kwa kujuana, kama hapa, ila kujuana kwao kuna utaratibu. Mwombaji hutakiwa kutoa majina mawili au matatu ya watu waliofanya naye kazi, pamoja na namba zao za simu, na mwajiri huwapigia kweli. Anauliza: alikuwa akifika kwa wakati? Aliondoka kwa nini? Ungemwajiri tena? Dakika tano tu. Kijana ambaye hana mtu wa kuzungumza dakika hizo tano ni kama hakuwahi kufanya kazi popote.

Hata Ruthu, alipofika Bethlehemu akiwa mgeni na kwenda kuokota masazo shambani, mwenye shamba alimwuliza msimamizi wake habari za yule mwanamke. Msimamizi alikuwa nazo. Alimweleza ametoka wapi, amekuja na nani, na kwamba tangu asubuhi yuko kazini. Huyo msimamizi hatajwi jina, na wahubiri wengi humpita haraka, lakini sisi tunamhesabu sana.

Ninyi mnalijua jambo hili kuliko waajiri wa Toronto. Muumini akihama hapa kwenda parokia nyingine, hapokewi hivi hivi. Hubeba barua ya utambulisho kutoka jumuiya yake. Anayehama kutoka mtaa hadi mtaa tunampa barua. Anayevuka bahari tunampa kuku, leso na maombi ya mkesha, na barua hana. Au anayo, ila ni barua ya sifa: kijana mtiifu, mwenye heshima, kutoka familia nzuri. Kule haimsaidii kitu. Barua inayosaidia husema alifanya kazi gani, tangu mwezi na mwaka gani hadi lini, saa ngapi kwa wiki, aliongoza watu wangapi, alishika fedha au mashine gani. Iwe kwenye karatasi yenye anwani ya ofisi, na iwe na sahihi ya mtu aliyekuwa msimamizi wake. Binti aliyeshika hesabu za zahanati ya parokia kwa miaka mitatu bila mshahara amefanya kazi. Kule kazi ya kujitolea huandikwa katika wasifu wa kazi na kuheshimiwa, lakini hapa hakuna anayemwandikia.

Kuhusu vyeti, tutasema kwa ufupi, ingawa ndipo miezi mingi hupotelea. Mashirika yanayolinganisha vyeti mara nyingi hutaka matokeo ya masomo yatoke moja kwa moja chuoni, katika bahasha iliyofungwa na kugongwa mhuri. Mtu akiwa hapa anaweza kwenda chuoni na kukaa mlangoni mpaka apewe. Akiwa Toronto anategemea binamu mwenye shughuli zake. Aidha, kulinganishwa kwa vyeti si leseni. Mwuguzi, mhandisi, mwalimu na fundi umeme wana mabaraza yao katika kila jimbo. Mwuguzi, kwa mfano, hufanya mtihani ambao tangu mwaka 2015 ni ule ule wa Marekani, na kabla ya hapo baraza la wauguzi la nyumbani na chuo alichosoma vyote viwe vimemthibitisha. Tumewaona wauguzi wa miaka kumi wakifanya usaidizi katika nyumba za kutunzia wazee huku wakingoja karatasi moja kutoka nyumbani. Kuosha wazee ni kazi ya heshima na wanaifanya vizuri. Kilichowachelewesha ni karatasi.

Dereva naye asisahau barua. Leseni yetu haibadilishwi tu kwa ya Ontario, atafanya mitihani. Lakini akileta uthibitisho rasmi kutoka mamlaka iliyotoa leseni kwamba ameendesha miaka miwili au zaidi, anaweza kuruka hatua za kungoja na kwenda mtihani wa mwisho. Kwa mtu anayetaka kazi katika maghala ya Brampton au Mississauga, ambako mabasi ya usiku ni machache, leseni ni nusu ya kazi.

Wanaokwenda kama wanafunzi wana mipaka mingine. Tangu Novemba 2024 mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo zaidi ya saa 24 kwa wiki wakati wa masomo. Atakayewaambia kwamba mwanenu atajilipia karo yote kwa kibarua anawadanganya. Kadhalika wale wanaodai pesa ili wakupatie kazi: Ontario, sheria inawakataza mawakala kumtoza mfanyakazi mgeni ada ya kumtafutia kazi. Namba ya bima ya jamii, ambayo bila hiyo huajiriwi, hutolewa bure na ofisi ya serikali. Hata hivyo tumekutana na waliouziwa fomu zake hapa nyumbani.

Tunayoomba kwa kamati si makubwa. Katika kila harambee ya msafiri, tengeni sehemu ya fedha isitumike kwa tiketi wala kwa sherehe, iwekwe na mweka hazina, na apelekewe mwezi wa tatu au wa nne, akiba inapoanza kuisha. Wafadhili waliopo hapa wametuuliza wasaidie nini. Tungependa wagharimie vyeti na ada za mitihani kwa wauguzi na mafundi kabla hawajaondoka, maana shilingi moja inayotumika hapa kabla ya safari huokoa nyingi kule.

La mwisho ni simu. Kila parokia imteue mtu mmoja, awe katibu au msimamizi wa mradi, ambaye kwa kweli amefanya kazi na msafiri na anaweza kumweleza kwa Kiingereza bila kutia chumvi. Namba yake iandikwe kwenye barua na asiibadilishe. Toronto iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi na saa saba wakati wa kiangazi. Mwajiri akipiga saa nne asubuhi kwao mwezi Januari, hapa ni saa kumi na mbili jioni. Akipiga saa tisa alasiri, hapa ni saa tano usiku na mmeshalala. Namba itaanza na +1, pengine ikifuatiwa na 416 au 647, na nyingine zisizofanana na hizo. Wengi huziona wakadhani ni matapeli. Ikilia, amkeni mpokee. Mwajiri hana desturi ya kupiga mara ya pili.