Picha ni Deni
(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Mwenyekiti aliniomba niseme juu ya utumishi wa Serikali. Nimemwomba radhi. Habari za majalada mtazikuta kazini. Leo nataka kusema juu ya picha 36 nilizopiga Dar es Salaam, na deni ambalo sijamaliza kulilipa.

Nilifika Dar es Salaam mwaka 2005, nikitoka Chuo Kikuu Mzumbe. Kwa sensa ya 2002 mji ulikuwa na watu wapatao milioni 2.5, nami sikumjua hata mmoja nje ya ofisi na nyumba niliyopanga chumba. Wakati huo mkoa ulikuwa na wilaya tatu tu, Kinondoni, Ilala na Temeke. Wenzangu ofisini walinionya: Temeke usiende na kamera, utaporwa. Lakini wahenga walisema tembea uone. Kila Jumapili nilipanda daladala hadi mwisho wa safari, nikateremka, nikarudi kwa miguu kadiri nilivyoweza. Shingoni nilining'iniza kamera ya filamu aliyoniachia mjomba.

Ndugu zangu, sikuporwa. Nilikaribishwa. Tandika, wazee waliokuwa wakicheza bao chini ya mwembe walinisogezea benchi kabla sijamaliza kusema shikamoo. Mmoja wao alipoiona kamera alisimamisha mchezo, akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu na kofia safi. "Sasa piga," akasema. "Picha ya mtu haipigwi na fulana." Kinondoni, katika bonde la Mkwajuni, fundi cherehani aliniketisha barazani kwake, mkewe akaniletea mihogo ya kukaanga, na majirani wakaja na watoto wao kana kwamba nimefungua studio. Hawakuniuliza kabila wala dini. Waliniuliza jambo moja tu: "Picha utatuletea?" Nami nikawajibu wote: "Nitaleta."

Ahadi ni deni. Filamu niliisafisha, picha zikatoka nzuri, wenzangu ofisini wakazisifu. Nikazitia katika albamu, nikasema nitazipeleka Jumapili ijayo. Jumapili zikapita. Mwaka 2007 nikahamishiwa mkoani, albamu ikaenda nami sandukuni.

Nilirudi Dar es Salaam mwaka 2016, nina mke na watoto. Binti yangu ndiye aliyeifungua albamu ile. Akamwonyesha kwa kidole yule mzee wa kanzu: "Baba, huyu nani?" Sikuwa na jibu. Nilikaa kwenye benchi lake, nikanywa kahawa yake, na jina lake sikuliuliza.

Jumamosi iliyofuata nilizitia picha katika bahasha mbili, nikatoka. Nilianzia Mkwajuni, nisiikute. Bonde lile hujaa maji mvua zikizidi. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, baadhi ya watu wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande. Na Desemba 2015 nyumba nyingi zilizobaki zilianza kubomolewa. Nilisimama juu ya vifusi, bahasha mkononi. Nikamwuliza kijana mmoja muuza maji habari za fundi cherehani. Akaniuliza: "Anaitwa nani?" Lilikuwa swali lile lile la binti yangu.

Tandika mwembe niliukuta. Nilipoitoa picha, kijana mmoja aliitazama, akanishika mkono, akanipeleka kwa bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele. Bibi aliishika picha muda mrefu bila kusema neno. Mumewe alikuwa amefariki mwaka 2009, na picha pekee waliyokuwa nayo ilikuwa ile ndogo ya kadi ya kupigia kura, imekwisha kufifia. "Mwanangu," akaniambia, "yeye aliisubiri hii. Alikuwa akisema, yule mgeni wa kamera atakuja tu." Kisha akaniagizia chai. Nimewahi kukaripiwa na wakubwa wangu kazini, lakini hakuna karipio lililoniuma kama chai ile.

Kosa hili si langu peke yangu. Mwaka 1936 mpiga picha Mmarekani, Dorothea Lange, alimpiga picha mama mmoja maskini pamoja na wanawe, katika kambi ya wachuma njegere huko California. Picha ile ikajulikana dunia nzima, lakini jina la mama hakuliuliza. Mpaka 1978 ndipo watu walipomfahamu kuwa ni Florence Owens Thompson, naye akalalamika kwamba hakupata hata senti moja kwa picha ile.

Ninyi vijana, mkiwa likizoni mna simu. Deni lililonishinda miaka kumi, ninyi mwaweza kulilipa kwa dakika moja, kwa kumpelekea mtu picha yake papo hapo. Lakini katika dakika hiyo hiyo, picha ya mama ntilie aliyesinzia kwa uchovu huweza kuwafikia watu elfu moja, wakamcheka, naye hana habari. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Basi msingoje kukumbushwa na sheria. Omba ruhusa kwanza, andika jina, kisha peleka picha. Aliyekukaribisha kwake hakukupa uso wake uwe mali yako.

Nimalizie hapa hapa nyumbani. Katika ukumbi huu kuna picha ya darasa letu la mwaka 1999. Sisi wote majina yetu yameandikwa chini. Pembeni, kulia, amesimama mpishi aliyetulisha miaka minne, na chini yake hapana jina. Tulimwita Babu tu. Nawaomba wenzangu, kabla hatujaondoka leo, anayelijua jina lake aliandike.

Na zile picha za Mkwajuni nimekuja nazo. Ziko juu ya meza, karibu na mlango. Yeyote aliyewahi kuishi Kinondoni, au mwenye ndugu huko, tafadhali azitazame kabla hajatoka.