Nani Aweza Kumnyamazisha Rais?

Leo tuzungumze juu ya Marekani.

Tarehe 8 Januari 2021, siku mbili baada ya watu kuvamia jengo la Bunge huko Washington, kampuni ya Twitter ilimfungia mlango Rais Donald Trump. Twitter ilikuwa kama baraza: mtu huandika maneno machache, na watu wa dunia nzima huyasoma papo hapo. Waliomfuata Trump humo walizidi milioni 80.

Labda utauliza: je, katiba yao hailindi uhuru wa kusema? Hulinda, tangu mwaka 1791. Lakini angalia vizuri: huizuia serikali isimzibe mtu kinywa. Haimzuii mwenye kampuni. Yeye ni kama mwenye nyumba. Aweza kumtoa mgeni, hata mgeni akiwa rais.

Wengi walifurahi, wakisema maneno yake yalichochea fujo. Wengine walitiwa wasiwasi, hata Angela Merkel wa Ujerumani, ambaye hakuwa rafiki wa Trump.

Oktoba 2022 tajiri Elon Musk akainunua Twitter kwa dola bilioni 44. Novemba akamfungulia Trump. Mwaka 2024 akatoa zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia achaguliwe tena.

Sasa jadilianeni darasani: ufunguo huo ungefaa kushikwa na nani?