Diski Ikigonga, Acha Kuiwasha
Mazungumzo kwa wakazi wa mitaa ya Eastlands kuhusu kuokoa kumbukumbu za kipakatalishi kilichoharibika



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limo ndani ya kipakatalishi. Hesabu za chama zimo humo, na madeni ya duka, hati za wateja wa saiba, utafiti wa mwanafunzi wa chuo, hata picha za marehemu. Kompyuta ikiharibika hununuliwa nyingine, hata kama ni kuukuu. Kilichoandikwa ndani yake hakiuzwi dukani.

Chukueni mfano wa mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani Umoja. Mikopo na marejesho ya wanachama kwa miaka minne yako katika faili moja. Betri ya kipakatalishi chake ilikufa zamani, kwa hivyo hukitumia kikiwa kimechomekwa ukutani. Jumamosi jioni stima inapotea, inarudi, inapotea tena. Kesho yake ni mkutano wa kugawana pesa. Anapokiwasha, anasikia mlio ndani: ka, ka, ka. Skrini inaandika kwamba diski haionekani. Anazima, anawasha. Anazima, anawasha. Kijana wa jirani anamshauri aweke Windows upya.

Hapo ndipo kumbukumbu nyingi hupotea kabisa. Mara nyingi kinachozimaliza si hitilafu ya kwanza bali ni majaribio yanayofuata.

Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka, na katika vipakatalishi vingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani bila kuigusa, na nafasi iliyopo kati yao ni ndogo kuliko chembe ya vumbi. Kipakatalishi kikianguka kikiwa kimewashwa, au kikitikiswa vibaya ndani ya matatu, kichwa kinaweza kugusa sahani na kuikwaruza. Mlio wa kugonga huwa ni dalili kwamba kichwa hicho hakifanyi kazi yake. Kila kukiwasha tena kunaweza kuleta mkwaruzo mwingine, na palipokwaruzwa hapasomeki tena.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kuzima, kuchomoa chaja na kutulia. Kisha itambuliwe hitilafu ni ya aina gani, kwa maana ziko tatu.

Ya kwanza ni nafuu. Kompyuta imekufa, lakini diski ni nzima. Pengine bodi kuu imeungua, skrini imevunjika, au Windows imeharibika. Katika vipakatalishi vingi fundi anaweza kuitoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine kwa waya wa USB, na faili zikanakiliwa.

Ya pili ni diski iliyochoka. Inaonekana, lakini ni nzito, na faili nyingine hukataa kufunguka. Fundi mwangalifu hatairekebisha diski hiyo wala kuandika chochote juu yake. Kwanza atanakili diski nzima kwenye diski nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi. Iko programu ya bure iitwayo ddrescue, ambayo huanza na sehemu zinazosomeka vizuri na kuacha zile mbovu kwa zamu ya mwisho. Baada ya hapo, faili hutafutwa katika nakala, na ile ya asili huwekwa kando.

Ya tatu ni diski inayogonga au iliyo kimya kabisa. Hii haifunguliwi juu ya meza ya kibandani, kwa sababu vumbi kidogo tu huimaliza. Inahitaji wataalamu wenye chumba cha hewa iliyochujwa na vipuri vya diski inayofanana nayo. Gharama yake ni kubwa na hakuna uhakika wa kufaulu. Ushauri wa kuiweka kwenye friza usifuatwe, kwani unyevu ukiingia huharibu hata kilichokuwa kimebaki.

Faili iliyofutwa kwa bahati mbaya ni jambo tofauti. Katika diski inayozunguka, faili hiyo kwa kawaida hubaki mahali pake hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kompyuta isitumike tena hadi diski ichunguzwe kutoka kompyuta nyingine, kwa programu kama PhotoRec, ambayo pia ni ya bure. Diski za kisasa za SSD ni ngumu zaidi. Mara nyingi kompyuta huziamuru zisafishe nafasi ya faili iliyofutwa, na matumaini ya kuirejesha huwa madogo. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, fundi hataweza kuisoma bila ufunguo wa tarakimu 48. Kwa wengi ufunguo huo uko katika akaunti yao ya Microsoft. Utafutwe leo, kabla ya shida.

Kabla ya kumkabidhi fundi diski, mwenyewe aulize maswali manne. Je, atanakili kwanza? Malipo ni ya kujaribu au ya kufaulu? Nakala itakaa kwa nani? Diski mbovu itarudishwa? Maswali haya hayamtukani fundi. Chama au saiba yenye nambari za vitambulisho na simu za watu imeshika siri za wengine, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka zilindwe.

Diski iliyokufa nayo isitupwe ovyo. Taka nyingi za Nairobi huishia katika jaa la Dandora, ambako watu huchambua vyuma na vifaa ili wauze. Diski isiyosomeka kwa mwenyewe huenda ikasomeka kwa mwingine. Itobolewe sahani zake, kisha ipelekwe kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

Na mweka hazina wa Umoja je? Kabla ya kutafuta pesa za mtaalamu, akae na katibu wajiulize: faili hii iliwahi kutumwa wapi? Pengine ilitumwa kwa barua pepe ili ichapishwe, au ikawekwa katika kundi la WhatsApp la chama. Ikipatikana nakala ya miezi miwili iliyopita, kilichopotea si miaka minne tena. Ni miezi miwili, na hiyo inaweza kujengwa upya kwa taarifa za M-Pesa, taarifa za benki na risiti za wanachama. Mkutano uahirishwe wiki moja, na wanachama waelezwe ukweli. Ni afadhali kuchelewa kuliko kugawana pesa kwa kukisia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila chama kiwe na nakala tatu: moja kwenye kipakatalishi, ya pili kwenye diski ya nje au flashi inayokaa kwa katibu, na ya tatu katika akaunti ya mtandaoni. Kila mwisho wa mwezi nakala hizo zifanywe upya na zifunguliwe mbele ya mtu wa pili, kwa maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haiaminiki. Stima ikipotea, chaja ichomolewe hadi umeme utulie. Betri iliyokufa nayo ibadilishwe, kwani bei yake haifiki hasara ya daftari la chama.