Mabweni ya Mazimbu na Wajibu wa Waliorithi



Mwanafunzi hukaa darasani kwa saa chache tu za siku. Saa zilizobaki huzipitisha bwenini, bwaloni, uwanjani na njiani. Kwa hiyo mpango wa makazi ya wanafunzi si suala la matofali na mabati peke yake, bali ni sehemu ya elimu yenyewe. Anayetaka kulithibitisha jambo hili hana haja ya kwenda mbali. Mfano uko Mazimbu, kilometa chache kutoka katikati ya mji wa Morogoro, katika bonde la mto Ngerengere, mbele ya safu ya milima ya Uluguru.

Katika vyuo vya kale vya Uingereza, kama vile vya Oxford na Cambridge, makazi yalijengwa kuuzunguka ua wa mraba. Vyumba, bwalo na kanisa viliuelekea ua huo, na lango kuu lilikuwa na bawabu aliyelifunga usiku. Mpango huo uliwapa wanafunzi utulivu na umoja. Lakini ukuta uleule ulimtenga msomi na mji. Mwaka 1355 huko Oxford, ugomvi ulioanzia katika nyumba ya pombe baina ya wanafunzi na wenyeji uliishia kwa vifo vya watu wengi.

Mazimbu ilizaliwa kwa njia nyingine. Mahali hapo palikuwa shamba la mkonge lililoachwa, lenye majengo chakavu na vichaka. Juni 16, 1976, polisi wa serikali ya makaburu waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto waliokataa kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Kiafrikana. Vijana wengi wakavuka mipaka kuokoa maisha yao. Chama cha ANC, ambacho tayari kilikuwa na makao Morogoro na kilifanya mkutano wake mkuu wa mashauriano mjini humo mwaka 1969, kikakabiliwa na swali zito: vijana hao wataishi wapi, na watasoma nini? Mwaka 1977 Tanzania ikawapa ardhi ya Mazimbu, wakati Mkuu wa Mkoa alikuwa Mama Anna Abdallah.

Shule ilianza mwaka 1978. Wanafunzi na walimu wa kwanza waliingia katika nyumba za zamani za shamba, wakazikarabati na kufyeka vichaka kwa mikono yao. Aprili 6, 1979, kijana Solomon Mahlangu alinyongwa Pretoria akiwa na umri wa miaka 22, na chuo kikapewa jina lake. Nchi rafiki zikachangia fedha, walimu na mafundi. Mwaka 1985 Oliver Tambo alikifungua rasmi.

Inafaa kuutazama mpango wa makazi hayo kwa makini. Hakikujengwa chuo cha ua mmoja wenye lango moja, bali mji mdogo. Mabweni yalipangwa kwa makundi, na nyumba za walimu hazikuwa mbali nayo. Palikuwa na bwalo, maktaba, shule ya msingi, chekechea iliyopewa jina la Charlotte Maxeke, hospitali, mashamba na karakana ya samani. Mwanafunzi aliyetoka bwenini kwenda darasani alipita palipolimwa chakula chake na palipotengenezwa kiti chake. Mwalimu hakuwa mtu wa kuonekana ubaoni tu, alikuwa jirani. Wenyeji wa Morogoro nao walifanya kazi humo na kutibiwa katika hospitali hiyo. Hapo ule usemi wa wazee, mgeni njoo mwenyeji apone, ulipata maana yake kamili.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Waliojenga Mazimbu walijua tangu mwanzo kwamba wataihama, kwa kuwa lengo lao lilikuwa kurudi kwao. Hata hivyo hawakujenga vibanda vya kupitisha usiku. Walijenga nyumba imara za kudumu. Mwezi Julai 1992, njia ya kurudi ilipofunguka, walikabidhi majengo yote kwa Serikali ya Tanzania. Hawakuondoka na wote waliokuja nao, kwani makaburi ya wenzao yamebaki Mazimbu mpaka leo.

Leo majengo hayo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Chuo hicho kilianza mwaka 1965 kama chuo cha kilimo, kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Julai 1984 kikawa chuo kikuu kamili. Kilipewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani humo Aprili 12 mwaka huohuo. Hivyo kijana anayesoma Mazimbu anaishi chini ya majina ya watu wawili waliokufa wakiwa katika utumishi wa umma wao.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa leo anahitaji kitanda, maji na taa kabla ya historia. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini bwenini mambo hayo hayapingani. Asiyejua nyumba imetoka wapi huvunja kitasa chake bila uchungu, na ofisa asiyejua huanza kupunguza fungu la matengenezo pindi fedha zinapopungua.

Kwa hiyo hapana budi mambo matatu yafanyike. Kwanza, mwanafunzi mpya aonyeshwe makaburi na aelezwe habari za Mazimbu katika juma lake la kwanza. Pili, matengenezo ya mabweni yahesabiwe kuwa ni gharama ya elimu, si anasa. Tatu, kila bweni jipya litakalojengwa lifuate hekima ya waliotangulia: mwalimu awe jirani, kazi ionekane, na wananchi wasifungiwe nje.

Ndugu walimu, wageni walijenga nyumba ambazo hawakutarajia kuzeekea. Itakuwa aibu kwa wenyeji kushindwa kuzitunza.